Utani wa Shemeji Mkutanoni

Mimi ndiye niliyemwangusha Telesphor, na nilimwangusha kwa kutaka kuchekesha watu. Mjinga mimi.

Mwaka 1975 Telesphor aliomba Chama kimpitishe agombee ubunge Mpanda. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji chetu cha Kakese, mtu wa taratibu: watu wahamie vijijini, sawa, lakini baada ya mavuno, na bila kuchomewa nyumba. Wakulima walimpenda. Kwa wiki tatu tulimwona kama mbunge tayari.

Amemwoa dada yangu, Marsela. Kwetu shemeji lazima akutanie. Asipokutania utajiuliza umemkosea nini. Basi siku ya mkutano wa wilaya, wajumbe tulipoulizwa nani anamfahamu mwombaji, nikasimama kwa mbwembwe.

"Huyu? Mwoga huyu! Wakati wa operesheni ya vijiji alimwacha mama mkwe wake kule porini, akaogopa kumhamisha!"

Watu wa Kakese wakacheka mpaka wakapiga mabenchi. Mwenyekiti wa mkutano, mgeni wa mkoa mwingine, hakucheka. Akaandika.

"Ni kweli huyo mama aliachwa, kinyume cha amri?"

Hapo ningesema: mama mkwe huyo ni mama yangu mzazi, alikuwa hajiwezi kwa homa, Telesphor aliwasihi mgambo wamsubiri apone, nami nikampelekea Telesphor kuku wa shukrani. Lakini kusema hivyo ni kukiri kwamba nyumba iliyochelewa kuhama ilikuwa yetu, na mimi ni balozi wa nyumba kumi, niliyepaswa kuwahimiza majirani wahame. Niliogopa kuvuliwa ubalozi. Ubalozi wenyewe!

"Ni kweli, Ndugu Mwenyekiti," nikasema, nikakaa.

Telesphor hakunitaja. Alisema tu, "Nilimpa muda." Jina lake likakatwa kabla ya chakula cha mchana.

Nje nilimkuta anafungua baiskeli. Nilitamani anitukane. Akacheka, maana shemeji hakasirikii utani.

"Leo umeniweza, shemeji. Ila mama usimwambie ilikuwa habari yake. Atajilaumu bure."

Nyumbani nilimkuta mama na rozari mkononi.

"Wamempitisha mkwe wangu?"

"Hapana, mama. Wamesema hana elimu."

Akabusu msalaba. "Haya. Aliyemharibia, Mungu amlipe."

Akanitazama, akisubiri.

"Amina," nikaitikia.