Birika la Bibi Kerttu

Aune alilipiga blanketi juu ya theluji mpaka vidole vikafa ganzi. Baridi ilipokuwa kali namna ile, wanawake wote wa kijiji kile cha kaskazini mwa Finland walitoa matandiko nje, wakayalaza juu ya theluji na kuyapiga kwa fimbo pana. Baridi huua utitiri wa vumbi, vile vijidudu visivyoonekana vinavyoishi vitandani mwa watu. Kinyesi cha vijidudu hivyo ndicho kilichokuwa kikimbana kifua binti yake, Venla.

Ndivyo alivyoeleza daktari wa mjini. Alisema pia kwamba kifua kisipotulia, mtoto atalazwa huko huko mpaka theluji iyeyuke. Tangu siku hiyo Aune alifua, akaanika, akapiga, akafua tena, na bado Venla alipumua kama filimbi iliyopasuka.

Alirudi ndani akiburuta miguu. Mama mkwe wake, Bibi Kerttu, alikuwa akiongeza maji katika birika kubwa lililokuwa likichemka juu ya jiko la kuni. Vioo vya madirisha vilitiririka jasho.

"Mama, birika tena?"

"Hewa kavu inamkwangua koo. Hukumsikia alivyokohoa asubuhi? Mumeo alikuwa akitokwa damu puani kila majira ya baridi. Nilimponya kwa birika hili hili."

"Basi tubandue karatasi kwenye dirisha moja tu, hewa ipite."

"Bandua, mwanangu, bandua! Tuwapashe moto kunguru wa kijiji kizima. Kuni utapasua wewe?"

Aune aliiegemeza fimbo ukutani. Nyumba ilikuwa ya mama mkwe, na karatasi zile za gundi za kuziba nyufa za madirisha alizibandika Bibi Kerttu mwenyewe kabla ya baridi kuingia, kama mama yake alivyomfundisha. Mume wa Aune alikuwa msituni akikata magogo. Aliyechoka hachagui ugomvi.

Venla akakohoa tena. Aune akaingia chumbani kulitoa godoro, kwani hilo lilikuwa halijaguswa tangu kitanda kisogezwe ukutani. Alivuta, halikusogea.

"Mama, nishikie upande huu!"

Walivuta wote wawili, pakasikika mlio kama wa nguo inayochanika. Godoro lilikuwa limegandamana na ukuta kwa barafu. Nyuma yake mbao zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, na chini nyeusi kwa ukungu. Ubavu wa godoro ulikuwa umelowa chepechepe.

"Bibi, kitanda changu kimekojoa!" Venla alicheka mpaka kikohozi kikamkatiza.

Bibi Kerttu, ambaye hakuwahi kuacha mzaha wa mjukuu wake upite bure, hakucheka. Aliugusa ukuta. "Maji haya yametoka wapi?"

Aune hakuwa na nguvu hata za kufurahia ushindi. "Hewani, Mama. Na utitiri hunywa humo humo hewani. Nyumba ikikauka, hufa."

Kikongwe alisimama, mkono ungali ukutani. "Kila alipokohoa," alisema polepole, "mimi niliongeza maji."

Kisha akachukua kisu cha kuparia samaki, akachana karatasi zake pembe hadi pembe, akalisukuma dirisha. Baridi ikaingia bila hodi. Akaliinua birika, akalimwaga nje, mvuke ukamfunika uso.

Jioni ile Venla alilazwa juu ya benchi tupu, chini ya blanketi lililonukia theluji. Bibi Kerttu aliketi kando yake, kofia ya manyoya ikiwa imemfunika masikio.

"Usithubutu kunicheka," alimwambia Aune.

"Nguvu za kucheka nazitoa wapi, Mama?"

Aune alitega sikio. Filimbi ya kifua ilikuwa bado inalia. Hakujua kama ilikuwa imepungua, au ni masikio yake yaliyochoka.

"Nenda kalale, mwanangu," alisema Bibi Kerttu, akitia gogo jikoni. "Leo nitamsikiliza mimi."