Ndevu za Papa Octave na Kofia ya Pete

Haya yote ni kweli tupu. Anayesimulia ameapa kwa ndevu zake, na mtu mwenye ndevu nzuri haapi kwa mchezo.

Papa Octave alipoacha kazi ya ulinzi, baada ya miaka ishirini na miwili ya kuwafungulia wengine geti, hakukaa nyumbani kuangalia dari. Alikodi kona ya nyuma ya karakana moja ya Jeppestown, mtaa wa jiji la migodi ya dhahabu kule kusini, akajifundisha mwenyewe kazi ambayo kwao Likasi hakuna aliyewahi kuisikia: kusuka kofia za chuma. Si zile ngumu kama sufuria. Ni kofia laini ya pete ndogondogo za waya, kila pete imeshika nyingine nne, inayofunika kichwa, masikio na shingo, uso tu ndio unaochungulia. Askari wa Ulaya ya kale walizivaa ili panga zisiwapate. Siku hizi huzivaa watu wazima wenye kazi zao nzuri, ambao Jumapili hukutana bustanini, wakapigana kwa panga butu, kisha wakanywa chai pamoja.

Mtaani walimwita Mzee wa Pete, na jina hilo alilipenda kuliko la ubatizo. Alisema kofia yake moja ilirudisha risasi, na risasi ikaomba radhi. Nyingine ilipigwa na radi, aliyeivaa akatoka mzima, nywele zimenyooka bila kupita saluni.

Saluni yenyewe ilikuwa mbele ya karakana hiyohiyo, upande wa barabarani. Mwenyewe ni Mama Marcelline, msusi wa Bukavu. Juu ya mlango aliandika kwa rangi nyekundu neno la Kifaransa la kazi yake: COIFFURE. Siku hiyo Papa Octave ndiye aliyemshikia ngazi. Laiti angejua, angeiachia.

Maana mwezi wa sita alikuja Mkenya mmoja, Cyrus, mhadhiri wa historia huko Braamfontein, naye ni mmoja wa hao wa panga butu. Alikuwa amesikia kwamba Jeppestown kuna fundi. Mkononi alishika picha, na chini yake jina la Kiingereza la kofia: COIF. Akapita akisoma vibao, akaziona herufi zake nne juu ya mlango, akaingia.

Marcelline hajawahi kumwacha mteja atoke na kichwa kilekile alichoingia nacho. Aliitazama picha, akaipindua, akasema huu ni msuko tu, ila wa waya, arudi baada ya wiki tatu. Kisha akaenda nyuma kumwomba Papa Octave pete zilizobaki. Mzee alidhani ni za hereni. Akamjazia kopo zima, akaongeza na koleo kuukuu, akajisifu kwa ukarimu wake.

Cyrus aliporudi kuijaribu kofia yake, ndipo alipoziona kofia za mzee zikining'inia kule nyuma. Akajicheka. Kwa kuwa ni mtu wa haki, akasema wenzake wanahitaji kumi na mbili, hivyo Jumamosi ataziweka kazi za mafundi wote wawili mezani na kuchagua.

Wivu haukumwingia Papa Octave kwa mkupuo. Ulipenya kama vumbi la mgodi, akawa anakohoa kila msusi anapotajwa. Kumi na mbili! Wakichukua za mwanamke huyo, yeye atabaki nani? Mlinzi mstaafu mwenye koleo.

Ijumaa mchana Marcelline alikwenda Marshalltown kununua nywele za kusukia. Papa Octave akaingia saluni, kuangalia tu, alijiambia. Akaivaa kofia ya msusi mbele ya kioo. Kofia zake yeye hung'oa nywele kila mtu anapogeuza shingo. Hii ilikuwa na kitambaa laini kwa ndani, imefuata fuvu, imelala kama nywele zake za ujanani. Iliuma, lakini si kichwani.

Akaivua, akailaza mezani. Miwani alikuwa ameisahau, ikabidi ainame mpaka ndevu ziguse chuma. Akalegeza pete tatu za utosini, akazibana nusunusu. Alipoinuka, kitu kilimvuta kidevu. Akajinasua, akaondoka akipiga mluzi.

Jumamosi Cyrus akaiinua kofia ya Marcelline, akaitikisa kidogo. Utosi ukafunguka. Pete zikaanguka sakafuni moja baada ya nyingine, wateja waliokuwa chini ya dryer za kukaushia nywele wakageuza vichwa.

“Eish,” alisema Cyrus kwa huzuni.

Papa Octave hakungoja kuulizwa. Alieleza kwa kirefu kwamba waya una roho yake, kwamba hutambua mkono wa kigeni, kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuona kofia ikijifumua kwa aibu. Kisha, kwa kuwa uongo mtamu haushibishi, akaongeza kiapo.

“Kama mkono wangu umeigusa kofia ile, Mama Marcelline aninyoe ndevu hizi mbele yenu wote.”

Marcelline aliipeleka kofia dirishani, akaipapasa kama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto, akatoa unywele mmoja uliobanwa ndani ya pete. Akaunyoosha kwenye mwanga.

“Cyrus, tazama. Mweupe kwenye shina, mweusi kwenye ncha. Hii rangi ya ndevu niliichanganya mimi mwenyewe, wiki ya ubatizo wa mjukuu wa mzee huyu.” Akamgeukia mzee. “Papa, kiti hiki hapa.”

Cyrus aliagiza kofia zake kumi na mbili kwa Marcelline. Papa Octave alifungwa taulo shingoni. Hata pale chini ya wembe, wivu ulimnong'oneza kwamba mkono wa mama huyu ni mwepesi kuliko wake. Akaanza kuwaeleza waliosubiri kwamba ndevu hizi zimeombwa na jumba la makumbusho.

“Papa Octave, funga mdomo,” alisema Marcelline. “Wembe hausikilizi hadithi.”

Akaufunga. Baridi ya mwezi wa saba ikampata kidevuni. Na kama unajiuliza anayesimulia ameyajuaje yaliyokuwa moyoni mwa mzee, basi naye umemkamata. Risasi haikuomba radhi, radi haikumpiga mtu, na kidevu kinachoona baridi ni changu.