Kona Yenye Kamera

Lori la wafagizi lilikuwa limeshaanza kupanda mlima. Kipara akalikimbilia, ufagio begani, shemeji yake akamvuta mkono.

"Vipi shemeji, dada alikufungia ndani?"

Lori zima likacheka.

Mchana ule mashindano ya baiskeli yangeteremka barabara hiyo, na msimamizi alishamgawia kila mtu kona yake. Huko juu Kipara akamnong'oneza shemeji, "Tubadilishane. Kona yako ina kamera. Nataka dada yako anione kwenye televisheni."

"Chukua, bwana staa."

Kipara alifagia kama alivyozoea, kokoto zote pembeni upande wa nje, maana tairi za malori hazifiki huko. Msimamizi alikuwa amewaambia: baiskeli zikikata kona hutanua mpaka ukingoni, kokoto zizolewe kwenye magunia. Kipara alisikia. Lakini kuzoa kunachafua, naye alikuwa na shati jeupe la kubadilisha na mafuta ya kupaka upara. Akaenda bombani kunawa.

Waendesha baiskeli wakaja, wanavuma kama mvua juu ya bati. Mmoja akatanua kona, gurudumu likateleza kwenye kokoto, bega likagonga ukuta wa mawe. Akalia kama mtoto.

Msimamizi alifika anahema. "Kona hii si yako wewe?" akamuuliza shemeji, aliyekuja mbio kutoka kona ya pili.

Shemeji akamtazama Kipara. Akangoja.

Kipara akainama, akaanza kuokota kokoto mojamoja, kwa bidii, kama mtu aliyekuja kusaidia tu.

"Yangu," shemeji akasema.

Nyumbani mkewe alimpokea mlangoni. "Nimekuona! Shati limekutoa kweli. Ila mbona ulikuwa umeinama? Ulidondosha nini?"

"Sikudondosha kitu."

Shemeji alifukuzwa kazi jioni ile. Siku hizi anaziba pancha kule stendi. Mwendesha baiskeli alivunjika bega, akapona, akaendelea na mashindano, ingawa mlima ule hakurudi tena. Msimamizi alihamishiwa barabara za tambarare. Kipara bado ni mfagizi.

Mkewe alikuja kujua. Nani alimwambia, haijulikani. Mdogo wake, yule shemeji, akija kula, humpakulia yeye kwanza, kisha watoto, taratibu, huku Kipara amekaa na sahani tupu mkononi.