Beseni la Shemasi Ondieki

Bathsheba alikuwa amelipanga neno lake tangu alipotoka kijijini Nyacheki: rudi kanisani, ama usahau shamba la chai la baba yako. Ukoo ulimtuma yeye, kwa kuwa mama hafukuzwi mlangoni. Tangu asikie kwamba mwanawe Geoffrey amesilimu, hakuwa amepata usingizi wa maana. Mkobani alibeba ndizi zake za kuchemsha, maana aliapa hataonja kitu cha nyumba ile ya Kisii mjini.

Alifika Jumapili alasiri, akakuta mlango wazi. Geoffrey alikuwa uani juu ya kigoda, suruali ameikunja, anajimiminia maji miguuni, wa kulia kwanza, akisugua katikati ya vidole. Maji yalichuruzikia kwenye beseni jeupe lililoshika kutu ukingoni.

Beseni lile alilijua. Ndilo alilobeba marehemu mumewe, shemasi Ondieki, kanisani kila siku ya meza ya Bwana, waumini walipooshana miguu kabla ya mkate. Miaka ishirini alimwona amepiga magoti mbele ya wanaume wenzake, akisugua katikati ya vidole namna ileile.

"Uliniambia unataka ukumbusho wa baba yako," alisema.

"Ndio huo, Mama. Karibu ndani. Na chakula usiogope, nguruwe bado hatuli, kama kanisani kwenu."

Alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. Njia nzima alijiandaa kupambana na mgeni, kumbe aliyeketi pale ni Ondieki mtupu, hadi anavyoinamisha shingo. Hilo lilimwogofya kuliko yote aliyoyawaza usiku kucha.

Adhana ilipoita, Geoffrey alitandika mkeka sebuleni. Simu ya Bathsheba ikalia. Alikuwa Ochoki, mwanawe mkubwa, aliyebaki nyumbani na wazee.

"Umemwambia, Mama? Wazee wanangoja hapa."

Bathsheba alimtazama Geoffrey akiinama hadi paji la uso likagusa chini. Ndipo alipogundua kwamba yeye mwenyewe yuko peku. Viatu vyake vilikuwa mlangoni, kando ya vya mwanawe, na hakukumbuka kuvivua.

"Bado," alinong'ona. "Punguza sauti, ndugu yako anaomba."

Ochoki aliuliza, "Anamwomba nani?"

Bathsheba alifungua mdomo, na jibu lililomjia, yuleyule wa baba yenu, likamtisha. Alikata simu, akaenda kumwaga maji ya beseni.