Tobo Lisilo la Mkasi

"Basi ondoa milima," Losivale alisema. "Milima haina kazi kwenye barua. Ondoa milima, ubakize machifu."

"Machifu nao kila mmoja ametajwa na kijiji chake, mama," alisema Hasikeli, karani wa posta. "Adui akisoma ukurasa wa kwanza anajua tuko wapi. Akifika wa tatu anajua na njia ya kupita."

"Adui hasomi Kisamoa."

"Hata mimi nilikuwa sisomi nilipokuja."

Hapo alisema kweli. Hasikeli alifika kisiwani Tutuila akiwa baharia mwembamba asiyejua kusema hata neno maji, na sasa, miaka kumi baadaye, alikuwa na kitambi na aliongea kama mtu aliyezaliwa Fagatogo. Lakini tangu vita vianze alikuwa mtu mwingine. Ofisi yake ya posta ya jeshi la majini ilikuwa imeona haya kutaja inakokaa. Hasikeli mwenyewe alichukua tupa akakwangua jina la mahali kwenye muhuri, na sasa kila barua iliondoka na duara lenye tarehe tu, kama mtoto anayekataa kumtaja baba yake.

Nyuma yake kulikuwa na mlango wenye kidirisha, na nyuma ya kidirisha alikaa mkaguzi wa barua. Losivale hakuwahi kumwona uso. Alichokijua ni mkono wake, mweupe, wenye manyoya mekundu. Mkono huo ulitoka kuchukua barua nzima, kisha ukatoka tena kurudisha matambara.

Barua ya Losivale na mumewe ya mwezi uliopita ilikuwa imepita kwenye mkono huo. Setu, mtoto wao wa mwisho, alikuwa anamenya viazi kwenye manowari, na manowari yenyewe ilikuwa Honolulu ikitengenezwa. Huko Setu alimpata Malele, binti wa Pelenato, mtu wa kijiji cha Leone aliyehamia Honolulu kabla Setu hajazaliwa. Pelenato hakukataa. Alisema tu kwamba kila mmenya viazi anaweza kujiita mtoto wa msemaji wa machifu, kwa hiyo wazazi waandike wenyewe, na waandike inavyopasa. Barua isipofika kabla manowari haijaondoka, Malele ataolewa na mwoka mikate, ambaye watu wake wanajulikana.

Inavyopasa ndiyo ilikuwa taabu. Barua ya ukoo isiyoanza kwa kusalimu kijiji, uwanja wake, machifu wake na heshima zao mmoja mmoja, ni barua ya mtu asiye na kwao. Leasiolo, mume wa Losivale, ndiye msemaji wa machifu wa kijiji cha Aua, na hajawahi kusalimu kwa ufupi maisha yake yote. Aliandika kurasa kumi na mbili. Kumi na moja na nusu zilikuwa salamu. Mkasi ukazipitia zote. Jibu la Pelenato lilifika Jumamosi, na mchungaji akalisoma kwa sauti mbele ya nusu ya kijiji kabla hajatambua analosoma: "Nimepokea wavu wenu. Nashukuru, ila siku hizi sivui samaki."

Sasa walikuwa na barua ya pili mezani. Gunia la barua lilikuwa linafungwa saa sita, na saa ya ukutani ilikuwa imeshapita tano na nusu. Meli nyingine baada ya hiyo hakuna aliyejua itakuja lini, na aliyejua hakuruhusiwa kusema.

Hasikeli alifungua ukurasa wa nne, akasoma, akaacha kusoma. Alimwita Losivale karibu, akaweka kidole kwenye mstari. Leasiolo, kwa kutaka kuwapendeza wenye posta, alikuwa ameongeza salamu kwa ghuba yenyewe, maji matulivu yanayobeba manowari saba za rafiki zetu.

"Saba," Hasikeli alisema polepole. "Mama, ameandika saba."

"Ni nane," Leasiolo alisema kutoka mlango wa nje. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu waingie. "Moja imetia nanga alfajiri. Nipe kalamu nisahihishe."

Hasikeli akaifunika barua kwa viganja vyote viwili na kutazama kidirishani. Alipopata pumzi alitoa ushauri wake, na haukuwa ushauri mbaya. Andikeni mistari miwili, alisema: sisi ni wazazi wa Setu, tunamtaka binti yako, basi. Itafika nzima.

Leasiolo alijibu kwamba barua ya namna hiyo huandikiwa duka unapoagiza misumari. Akaongeza kwamba baba yake na babu yake walisimama uwanjani na fimbo zao za usemaji na hakuna aliyewahi kuwakata neno, na sasa anakatwa na mtu asiye na uso. Losivale alimwambia Malele haolewi na fimbo. Leasiolo akamwambia yeye hajui heshima. Losivale akamwambia anajua saa, na sasa imebaki robo.

Hapo ndipo macho yake yalipoangukia kwapani mwa mumewe.

Leasiolo alikuwa amebeba mkeka wa ukoo, ule wa heshima, umekunjwa ndani ya nguo ya magome. Alasiri hiyo kulikuwa na chifu wa kusimikwa hapo Fagatogo, na mkeka ulikuwa uende huko kutolewa zawadi. Uliitwa kwa jina lake kama mtu, ulikuwa mzee kuliko wote waliokuwa chumbani, na kwa uzee umelainika hata unakunjwa ukatosha kwenye mfuko wa unga.

"Pelenato huyu," Losivale alimwambia mumewe. "Bibi yako alipozikwa, nani alibeba mkeka huu kuuzungusha uwanjani?"

Leasiolo alifikiri. "Vijana wa Leone."

"Kijana gani wa Leone?"

Leasiolo aliutazama mkeka kwapani mwake. Kisha uso wake ulianza kubadilika, maana kisa hicho kilijulikana Aua nzima. Pelenato, akiwa kijana mwenye mbwembwe, aliubeba mkeka mbele ya machifu na sigara mdomoni, na sigara ikaanguka. Tobo lilikuwa pale hadi leo, karibu na manyoya mekundu ya ukingoni, kubwa la kupitisha kidole. Machifu wa Leone waliomba radhi. Pelenato alipanda meli ya Honolulu wiki hiyo hiyo, na yeye hakuomba.

"Lete," Losivale alisema. "Tobo lake atalijua."

Leasiolo alirudi nyuma hatua moja. Alisema atasimamaje leo mbele ya watu mikono mitupu. Losivale alimwambia kwamba yeye Leasiolo ana dada kijiji cha Utulei mwenye mkeka, aende akauombe, ni mwendo mfupi na miguu anayo. Na maneno hayatapungua, alimwambia, una kurasa kumi na mbili ambazo hakuna aliyezisoma.

Akauchukua kwapani mwake. Leasiolo hakuuachia, lakini hakuukaza pia.

Losivale aliutandaza mezani. Akamwomba Hasikeli kipande cha karatasi, akaandika akiwa amesimama, akamsomea: "Huu nao una tobo, ila si la mkasi. Wazazi wa Setu."

Hasikeli alikisoma mara mbili, akitafuta mlima. Hakuuona. Akavipitisha vyote kidirishani.

Mkono ulitoka. Uliuvuta mkeka, ukaugeuza, ukaupapasa kutoka pembe hadi pembe. Kidole kimoja kikaingia kwenye tobo, kikatokea upande wa pili, kikasimama pale kidogo kama kinachoona aibu. Kisha mkeka ukarudishwa pamoja na karatasi, vyote vizima.

"Hakuna jina la mahali," Hasikeli alisema.

"Funga," Losivale alisema.

Waliukunja pamoja, wakautia kwenye mfuko wa unga, na Losivale akaushona mdomo kwa sindano aliyoitoa kwenye nywele. Leasiolo, bila kuambiwa, alishika kamba na kuweka kidole kwenye fundo. Hasikeli aliandika anwani, akagonga muhuri wake usio na kwao mara tatu, akautumbukiza mfuko kwenye gunia, akalikaza na kulifunga. Saa ilikuwa sita kasoro dakika mbili.

"Utulei," Losivale alimwambia mumewe, akamshikisha fimbo yake. "Kimbia."

Leasiolo alikimbia.