Kichwa Kimoja, Wagombea Wawili

Tangu asubuhi bibi harusi alikuwa ameketi kwenye stuli katikati ya wasusi wawili, ndugu wa tumbo moja. Alitaka mistari myembamba, yote irudi nyuma ikutane kisogoni, maana shela ingebanwa hapo. Jioni mama mkwe angekuja mwenyewe kumchukua. Mama huyo hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Siku ya posa alikagua nyumba mpaka miguu ya meza, akasema tu, "Haya." Tangu "Haya" ile, bibi harusi hakupata usingizi wa maana.

Dada mkubwa alishika kulia, mdogo kushoto. Kioo kilikuwa kimefunikwa shuka, ndiyo desturi ya saluni ile, kwa sababu mteja anayejitazama hatulii.

Ndipo redio ikasema chama kikubwa kitamtaja mgombea wake wa urais siku hiyohiyo. Dada mkubwa akasema si mwingine ila waziri wa maji, mtu mzima, mpole. Mdogo akachekea puani: waziri wa maji gani, na mabomba ya mtaani yanakohoa tu? Yeye alikuwa upande wa jaji mstaafu, mama asiyechekacheka na watu. Dada akauliza tangu lini hukumu zikajenga barabara. Maneno yakapanda, na mikono nayo ikavuta. Bibi harusi, machozi yakimlenga, alimuunga mkono waziri alipovutwa kulia na jaji alipovutwa kushoto, almradi wasimng'oe nywele.

Walimaliza wamenuniana. Shuka ikaondolewa.

Kulia, mistari ilirudi nyuma vizuri. Kushoto ilikuwa imepanda kuelekea utosini. Miaka yote mdogo alisuka akifuata mikono ya dada yake kwa pembe ya jicho, na leo hakutaka hata kumtazama.

Muda wa kufumua haukuwepo. Bibi harusi akapapasa kulia, akapapasa kushoto.

"Dada zangu," alisema taratibu, "huyo rais wenu bado hata hajatajwa. Mimi naolewa leo. Hii mistari itakutana wapi?"

Mdogo akazima redio. Dada akazungusha ncha za kulia kwa nyuma, mdogo akazishusha za kushoto, wakazifunga pamoja juu ya sikio la kushoto, fundo la duara kama ua. Mikono ilikumbukana yenyewe.

Mama mkwe aliingia akamzunguka bibi harusi mara moja, kisha tena. Akaligusa lile fundo.

"Haya," alisema. Bibi harusi akafumba macho. Alipoyafumbua, mama mkwe alikuwa anafungua kilemba chake. "Ondoka hapo mwanangu, nikae. Na mimi nifungieni kama hivi, harusi haianzi bila sisi."

Akajiweka sawa kwenye stuli, akawageukia wasusi. "Hivi, ninyi mnadhani chama kitamsimamisha nani?"

Ndugu wale wakatazamana.

"Hatujui, mama," wakajibu kwa pamoja, na bibi harusi akacheka mpaka fundo likatikisika.