Mkono wa Kulia wa Bwana Mkubwa

Jirani hakubisha hodi. Aliingia barazani kwa msusi akimburuta mwanawe, mkono mmoja kiunoni, nayo ilikuwa dalili tosha kwamba amani imekwisha.

"Mwanao mwizi!" akasema. "Kampokonya huyu wangu mkate, na uso kamparura. Mama gani wewe usiyemfunza mtoto?"

Msusi alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mteja. Siku nyingine angemjibu jirani neno kwa neno, maana naye ulimi anao. Leo aliachia nywele, akauliza kwa sauti ndogo:

"Kwa mkono upi?"

"Ati nini?"

"Alipompokonya. Kwa mkono upi, jirani yangu?"

Jirani akamgeukia mteja, amsaidie kushangaa. Lakini mteja naye alikwisha simama, nusu ya nywele zimesukwa, nusu zimetimka. Alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto wachanga, na alijua swali lile limetoka wapi.

Mtoto wa msusi, aliyebandikwa na bibi yake jina la utani Bwana Mkubwa, alizaliwa njiti, kabla ya miezi kutimia, mwepesi kuliko mfuko wa unga. Siku zake za kwanza, kipimo kilichopitishwa utosini kilionyesha damu imevuja ndani ya ubongo, upande wa kushoto. Daktari hakumficha mama: mishipa ya mtoto mdogo kiasi kile ni laini mno, na ubongo ukiumia kushoto, ni mwili wa kulia unaotaabika. Huenda asitembee. Huenda asiseme. Muuguzi ndiye aliyemlaza mtoto kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, akasema, "Daktari kasema huenda, dada. Hajasema hapana. Wewe mbebe."

Akambeba. Mtoto alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, lakini alitembea, na maneno yalipomjia yalikuja na matusi yake. Kilichobaki ni mkono wa kulia, uliokunjwa ngumi kama wa mgeni asiyetaka kuvua koti. Kliniki walimfundisha mama: mshikishe kitu kushoto, kisha mwonyeshe kingine akipendacho, ili mkono wa kulia ulazimike. Miezi na miezi nyumba nzima ilihangaika hivyo. Bwana Mkubwa si mjinga. Aliweka cha kwanza chini, akachukua cha pili kwa mkono uleule. Nyumbani kwao nani angemwibia? Na msusi, anayeishi kwa mikono yake miwili, alikuwa akienda jikoni kutoa machozi.

"Kushoto alishika mkate wake," jirani alisema, sasa polepole. "Hakuuweka chini, mlafi yule. Watoto wote wale, auweke wauchukue? Basi akanyoosha huu mwingine, huu wa..."

Mtaa mzima uliujua mkono ule.

Msusi alimkumbatia kwa nguvu hadi kitana kikaanguka. "Asante," alisema, machozi yakimtoka. "Asante kwa kuja kunigombeza. Mwanao anisamehe."

"Tusiseme mkono umepona," muuguzi akaonya, huku naye akijifuta macho kwa taulo la mabegani. "Umeitika. Tuendelee kuuita."

Bwana Mkubwa alikuwa nyuma ya mlango, akingoja kuchapwa. Mama yake akamwita, akakata mkate, akamshikisha kipande kushoto.

"Hicho chako. Na hiki pokea, mpe mwenzako, umwombe radhi."

Mtoto akatazama kipande, akatazama mkono wa mwenzake uliokwisha nyooshwa. Ngumi ikaanza kufunguka, kidole kimoja, kisha vingine kwa kusitasita. Mkono ukainuka ukitetemeka. Ukashika. Wala hakumpa mtu. Alikibana kifuani, macho makavu kabisa.

"Si niliwaambia mwizi?" jirani akapiga ukelele, akicheka na kulia kwa pamoja. Kisha akavuta kigoda, akaketi, akampakata mwanawe.

"Kata kingine, dada," akasema. "Tumwone akiiba tena."